Kibuyu Kilichoacha Kuitikia

Mama yangu hukiamkia kibuyu. Anasema, "Shikamoo, mama," kisha anavuta kizibo, na gesi ya mtindi inatoka: fyuu. Hiyo ndiyo marahaba yake. Kibuyu alikirithi kwa bibi, kule Kilimanjaro, na bibi alipofariki mama alirudi nacho Kariakoo akiwa amekipakata njia nzima. Hatukuwahi kuongeza chachu. Ilikuwa imejikalia kwenye kuta za kibuyu, ileile aliyoianzisha bibi, na mama aliamini bibi bado yumo. Mimi na usomi wangu nilimcheka.

"Mle mna bakteria tu, mama."

"Basi waamkie. Wamekuzidi umri."

Kazi yangu maabara ilikuwa kuua bakteria. Tulikuwa tunaijaribu grafini, kaboni iliyochambuliwa ikawa tabaka jembamba mno, hata wembe mbele yake ni gogo. Bakteria akigusana nayo, kingo za grafini humchana ngozi na vya ndani vikamwagika. Niliwaona kwenye picha za darubini: vifuko vitupu vilivyonywea, vimelala kimya. Nilifurahi siku ile. Naona aibu kukumbuka nilivyofurahi.

Jioni moja mvua ilijaza maji Jangwani, barabara ikafungwa, nami nilikuwa na kichupa cha unga mweusi wa grafini mkobani. Nikashindwa kuurudisha maabara, kichupa nikakiweka juu ya kabati la jikoni kwetu. Mama alikuwa ameniomba wiki nzima nimsagie mkaa. Ndivyo kibuyu kinavyosafishwa kwetu: kinasuguliwa ndani kwa unga wa mkaa, kisha kinaanikwa. Kila siku nilimwambia kesho.

Nilipoamka, kichupa kilikuwa kitupu na kibuyu kiko dirishani, mdomo wazi kuelekea jua.

"Ahsante, mwanangu," mama alisema. "Umeusaga laini kweli."

"Mama, ule si mkaa! Ni kaboni ya maabara."

"Kwani mkaa ni nini?"

Nilikisuuza kibuyu mara saba, mpaka maji meusi yakatoka meupe. Kazi ya unga ule sikumwambia.

Akamimina maziwa kama kawaida. Siku ya tatu akakiendea.

"Shikamoo, mama."

Kizibo kilitoka kimya. Maziwa yalikuwa vilevile, hayana hata harufu, kana kwamba yamemiminwa dakika ile. Na joto lote lile la Dar, hata kuoza yalikataa. Nje vipaza sauti vya madukani vilikuwa vinanadi viatu na mapazia, lakini mle jikoni mama alikuwa amesimama na kizibo mkononi, bado anasubiri kuitikiwa.

"Amekasirika," alisema taratibu.

Nilikwangua ukuta wa kibuyu, nikapeleka maabara na kujaribu kuotesha bakteria kwenye sahani. Sahani ilibaki safi, hakuna hata doa. Kwa miezi mingi nilikuwa naandika "matokeo mazuri" nikiona sahani ya namna ile. Safari hii nilijifungia chooni nikalia.

Kisha nikafanya anachofanya kila mwoga. Nilinunua mtindi kwa mwanamke mmoja wa mtaa wa pili, na mama yangu alipokwenda dukani nikamwaga maziwa yale, nikasugua kibuyu upya kwa maji ya moto, nikatia maziwa mengine na vijiko vichache vya mtindi ule. Siku mbili baadaye, tukiwa mezani, tulisikia kitu kikichemka polepole ndani ya kibuyu. Mama aliacha kula.

Alijifunga kanga vizuri, akakisogelea.

"Shikamoo, mama."

Fyuu.

Nilishusha pumzi. Yeye hakutabasamu. Alimimina mtindi kidogo kiganjani, akaonja, akakaa nao mdomoni kwa muda. Kisha akarudisha kizibo, akakikandamiza kwa nguvu zake zote.

"Mwanangu," aliniuliza bila kunitazama, "huyu aliyeitikia ni nani?"