Sufuria ya baba mdogo

Leo nimemfokea baba mdogo mbele ya majirani, na sijutii.

Ng'ombe wa mama, huku Endabash, alizaa jana. Leo asubuhi kalala chini, shingo kaigeuzia ubavuni, masikio ya baridi.

Mimi ni daktari wa mifugo. Nimetoka Karatu mjini mbio na chupa ya kalsiamu, namkuta baba mdogo keshafika.

Na kisu. Na sufuria!

"Mchinjeni kabla hajawa kibudu," anamwambia mama. "Mimi paja."

Nikamweleza: kwenye ncha za neva kuna protini. Ikikamata kalsiamu inashika utando wa seli, ndipo msuli unapata amri. Sasa kalsiamu imekimbilia kwenye maziwa, amri haifiki.

"Hiyo protini umeiona wewe?"

Watu wakacheka. Hapo ndipo nilipomfokea.

Nikamtundikia ng'ombe dripu, taratibu. Chupa haijaisha, katetemeka, kabeua, kasimama!

Baba mdogo eti, "Nilikuwa namwombea."

Kisu mkononi!

Mnaosema sina adabu, haya, semeni.

Kaondoka kanuna, sufuria kaisahau. Ng'ombe nimemnyweshea maji humo humo.