Friza ya Badria Haishuki Tena

“Bi Azza, nimeshasema, friza haiendi popote! Masika bado kabisa!”

“Na hayo maji unayoyakanyaga ni ya nini? Ya kutawadhia?”

Ni saa sita mchana, mwezi wa Januari, Kariakoo. Badria Shomari (41) amesimama kwenye stoo iliyo chini ya duka la vitenge la Bi Azza, maji yakimfika vifundoni. Friza yake imeinuliwa kwa matofali. Maji yamebakiza vidole viwili kuifikia mota. Umeme umezimwa tangu asubuhi.

Friza hiyo ndiyo inayomlisha yeye na wanawe wawili. Humo hugandisha barafu za ukwaju na ubuyu, na kuzitembeza kwa ndoo hadi Mnazi Mmoja. Siku ya jua kali huuza 250, kila moja shilingi 200.

Masika yakikaribia huipandisha dukani kwa Bi Azza. Yakiisha huirudisha stoo, kwenye ubaridi, ili isile umeme mwingi.

“Mama yangu alifanya hivyo miaka yote,” anasema. “Januari ni jua, ndiyo mavuno yangu. Jana imenyesha mpaka nikadhani naota. Januari!”

Ugomvi unakatizwa na Wafa, binti wa Bi Azza, anayesomea sayansi ya bahari chuo kikuu. Anatoa barafu ya ukwaju kwenye friza, anainyonya, anamwonyesha Badria kilichobaki.

“Mama mdogo, mbona ukinyonya utamu unatoka wote, inabaki nyeupe?”

“Si maji ndiyo yanaganda? Utamu unajitenga. Swali gani hilo?”

“Basi na bahari ya ncha za dunia ni hivyo hivyo. Ikiganda, chumvi inajitenga. Maji yanayobaki ni ya baridi, chumvi imezidi, mazito. Yanazama hadi chini kabisa na kutambaa mbali, bahari hadi bahari. Yale ya moto yanapita juu kuziba pengo. Mzunguko huo ndio unaogawa joto duniani.”

“Sasa?”

“Sasa barafu ya huko inayeyuka, inaizimua ile chumvi. Maji yakiwa mepesi hayazami vizuri. Wataalamu wanahofia mzunguko utalegea, na mvua za nchi za joto zitahama pale zilipozoea kunyesha.”

Badria anaziba mdomo kwa kiganja.

“Barafu ya huko ndiyo ije kuharibu barafu yangu? Wewe mtoto, unanitisha!”

“Siwezi kusema ya jana imeletwa na hilo. Mvua moja ina sababu nyingi. Ila kalenda ya bibi usiiamini peke yake.”

“Mimi nilimwambia hayo bila kwenda chuo,” Bi Azza anadakia.

“Wewe ulisema tu unataka stoo yako!”

Wanacheka, lakini Badria anayatazama maji. Yamepanda kidole kimoja.

“Niitieni wapagazi.”

Wanakuja wanaume wanne. Friza inapanda ngazi ikichuruzika, Bi Azza akisukuma majora ya vitenge pembeni huku akinung’unika kuhusu nafasi. Inawekwa nyuma ya kaunta. Ndani, nusu ya barafu zimelainika.

Badria anasema anataka kuongeza juisi ya kuuzia hapo hapo dukani, ili siku ya mvua nayo imlishe. Kisha anashuka tena stoo, anarudi na waya mrefu wa umeme aliokuwa akiunganishia friza kule chini, unadondosha maji. Anamtupia Bi Azza kwenye kaunta.

“Ukikauka, uza. Huku juu soketi iko karibu, siuhitaji, na kule sirudi.”