Mashine ya Kahawa ya Mama Mkwe

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi, mwanangu, pale mtaani kwetu Nkuhungu. Vumbi lilikuwa limeshaanza kupanda, na mimi nimesimama sebuleni nafunga vifungo vya shati, kikombe cha kahawa kinapoa mezani. Nikaonja funda moja, nikakunja uso. Kahawa ilikuwa vuguvugu, nyepesi, ina chumvichumvi. Nikamwambia mke wangu, Yunisi, kwa sauti ya mtu aliyechelewa kazini: "Hii mashine imechoka. Iache ikae tu." Kisha nikatoka zangu. Maneno yenyewe machache, wala hayana tusi ndani yake, lakini nimezeeka nayo, na leo nataka uyapime na wewe.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana bila kumjua mwenye mashine utaona nakupigia porojo za uzee.

Mwenye mashine alikuwa mama mkwe wangu. Jina lake silitaji hata leo, na si kwamba nimelisahau. Mkwe hatajwi jina, ndivyo tulivyolelewa. Mumewe alikuwa bwana mifugo kule Mpwapwa. Mtaalamu mmoja mgeni alipomaliza mkataba na kurudi kwao, aliwaachia mashine ya kahawa ya umeme, ile unayomimina maji kwa nyuma, yakichemka yanapanda kwenye mrija na kudondokea kwenye unga wa kahawa, halafu kahawa inashuka kwenye jagi la kioo. Kwa miaka mingi mzee yule na mkewe walianza siku zao mbele ya jagi hilo. Mzee alipofariki, Yunisi akaenda kumchukua mama yake aje akae kwetu. Alikuja na sanduku la nguo, blanketi, na mashine ameipakata magotini safari nzima.

Mama mkwe kukaa nyumba moja na mume wa binti yake halikuwa jambo jepesi. Kwa desturi yetu hao wawili hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawapishani mlangoni. Nikiingia sebuleni, yeye ameshahamia jikoni. Nikienda uani, yeye anarudi chumbani kwake. Najua unacheka. Cheka tu, lakini ile ilikuwa heshima, na nyumba ndogo kama ile bila heshima ingetushinda mwezi wa kwanza.

Kilichobaki kati yetu ni kahawa. Kila asubuhi mama aliiwasha mashine yake, Yunisi akaniletea kikombe sebuleni, nikanywa chote, nikakirudisha kitupu na salamu: "Mwambie mama kahawa imekolea." Nami nikiwa sebuleni namsikia kule jikoni anaguna kwa furaha, anasema, "Haya, ameshukuru." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu yote, mimi na yeye. Hatukuwa na mengine.

Ndipo zikaja zile nyakati za ruksa, biashara ilipofunguliwa. Sisi tuliopanga foleni ya sabuni, ghafla tukaona maduka yamejaa redio, vyombo vya kung'aa, nguo za kila rangi. Macho yakashiba, mfuko haukushiba. Maofisini wakaanza kupunguza watu, kila mwenye kazi akawa analala na hofu, na mshahara haukufika popote. Kila mtumishi akajitafutia mradi. Mimi nikafuga kuku, Yunisi akauza mitumba. Asubuhi ikawa ya kukimbizana: maji ya kuku, mafurushi ya nguo, mtoto wetu wa kumpeleka shule. Nikawa naondoka kahawa haijashuka, au nakunywa funda moja nikiwa wima. Kikombe kikaanza kurudi jikoni kimejaa. Hizo zilikuwa mbio za sakafuni, mwanangu, na sakafu yetu haikuwa ndefu.

Na ni kweli mashine ilikuwa na shida. Maji yetu unayajua. Chemsha leo, chemsha kesho, baada ya muda ndani ya sufuria pana gamba jeupe la chumvi ambalo hata steelwire ya kusugulia masufuria inalipigia magoti. Sasa fikiria mrija wa mashine, mwembamba kuliko kidole. Gamba linashika kidogo kidogo, njia inabana, maji yanapanda kwa taabu, mashine inakoroma na kutoa mvuke mwingi na kahawa kidogo. Bandu bandu huisha gogo, na hakuna siku moja unayoweza kusema ndiyo siku iliyoharibika.

Mama aliona. Akamwambia Yunisi, "Mwanangu, ukipita sokoni niletee ukwaju." Yunisi akasahau. Mama akasema tena baada ya siku kadhaa. Yunisi akaleta fungu dogo, tukautia kwenye uji, tukamsifu mama kwa wazo zuri. Akaomba tena. Usiku huo chumbani tukacheka, mimi na mke wangu, kwamba mama amekuwa na hamu ya ukwaju kama mjamzito. Hakutueleza wa nini. Angeeleza vipi? Mtu anayekaa kwa mkwewe akisema kitu fulani kinahitaji hiki, anajisikia analalamika. Akaacha kuomba.

Basi ikafika asubuhi ile niliyokuambia. Nyumba zetu zile kuta za vyumba hazikufika juu kabisa. Ukikohoa chumba cha kwanza, cha mwisho wanakuambia pole. Mama alikuwa jikoni. Alisikia mkwewe, ambaye hajawahi kumsikia akisema lolote ila shukrani, anasema: imechoka, iache ikae tu.

Jioni niliporudi, mashine ilikuwa imefungwa kanga na kuwekwa juu ya kabati. Na mama naye akaanza kukaa chumbani. Chakula kinaingia, kinatoka nusu. Yunisi akamuuliza, "Mama, unaumwa?" Akajibu, "Siumwi, mwanangu. Nimechoka tu." Yunisi aliniletea jibu hilo akiwa na wasiwasi, nami nikasema tumpeleke hospitali wampime damu. Walimpima, wakampa vidonge vya kuongeza nguvu. Akavinywa vyote kwa utii, na hakutoka chumbani.

Siku si nyingi akaja Mjomba Yona, kaka yake mama, kutoka Mpwapwa. Alikuwa mzee mrefu, mwenye maneno ya kupimwa, na utani wake hukujua kama ni utani mpaka ameshaondoka.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Naona mmekuwa matajiri, nyumba inanuka kuku." Akaketi, akanyoosha miguu. "Haya, leteni kahawa ya dada yangu. Nimeiwaza njia nzima."

Yunisi akamwambia kwa upole, "Mjomba, ile mashine imechoka. Nikupikie chai?"

Mzee akasimama, akaingia kwa dada yake, akakaa huko muda mrefu hata chai ikapoa. Alipotoka alikuwa amebeba mashine. Akaiweka mezani, akaifungua kanga, akaiinamisha kuelekea dirishani ili nione mdomo wa mrija. Ulikuwa mweupe, umebaki na tundu la kupita sindano.

"Dada aliomba ukwaju," akasema. "Ukwaju ulikuwa wa hii. Kule nyumbani aliuloweka, akauchuja, akaipitishia mashine, gamba likalainika na kutoka. Amefanya hivyo tangu Yunisi yuko bwenini. Hapa kwenu ameomba mpaka akaona haya."

Nikajitetea: "Mjomba, sisi hatukujua. Tulidhani imechoka."

Akanitazama, na kwa kuwa yeye hakuwa mtu wa kunikwepa, alinitazama usoni barabara. "Mashine haichoki, mkwe wetu. Hii haikuchoka. Mmeichoka." Kisha akashusha sauti, maana kuta zile alishazifahamu. "Na aliyeko mle ndani ni hivyo hivyo."

Mwanangu, nimewahi kufokewa na mabosi, nimewahi kufukuzwa na mbwa, lakini sijapata kupigwa na neno kama lile. Kiswahili chetu kina hila hiyo: mtu anachoka, na mtu anachokwa, na wa pili ndiye huumia zaidi, kwa sababu hata akilala hapumziki. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Yunisi alitoka mbio kwenda kutafuta ukwaju huku analia. Mimi nikavua saa, nikakunja mikono, nikaingia jikoni, mahali nilipokuwa sikanyagi mama mkwe akiwepo. Mjomba alikaa kwenye kigoda akaniongoza. Tukachomoa waya ukutani kwanza. Tukaloweka ukwaju kwenye maji ya moto, tukaukamua, tukauchuja kwa kitambaa safi mara mbili, kwa sababu uzi mmoja tu wa ukwaju ukiingia unaziba zaidi ya chumvi yenyewe. Tukajaza, tukawasha. Maji yalipofika nusu tukazima, tukaacha ukwaju ukae humo ulilainishe gamba taratibu. Hapo Mjomba akasema, "Usiwe na haraka. Kilichojijenga polepole hakitoki kwa mbio." Tulipowasha tena, mashine ilikoroma vibaya, ikakohoa, kisha vikaanza kushuka vipande vyeupe na maji ya rangi ya kutu. Nikapitisha maji matupu mpaka yakatoka safi na hayana uchachu. Nikaosha kichujio na jagi, nikayasugua mafuta ya kahawa ya zamani yaliyokuwa yameganda pembeni, nikaufuta mwili wote wa mashine kwa kitambaa kibichi.

Nilitengeneza kahawa kwa mkono wangu. Ilishuka nyeusi, moto, harufu ikajaa nyumba. Yunisi akampelekea mama yake kikombe, nami nikasimama upande wa pili wa ukuta kama kijana anayesubiri posa ijibiwe. Nilisikia anakunywa. Alikunywa chote. Halafu nikasikia sauti yake, ambayo sikuwa nimeisikia kwa wiki kadhaa: "Mwambie mkwe wangu kahawa imekolea." Kisha nikamsikia anamuuliza kaka yake, aliyeingia na Yunisi, basi la Mpwapwa linaondoka saa ngapi.

Tulimwomba. Yunisi alipiga magoti. Mimi nilituma maneno kwa Mjomba, nikatuma tena. Mama akasema hana kinyongo na mtu, na akatuombea mema. "Mmenilisha, mmenivika, sina la kuwalaumu," alimwambia binti yake. "Ila mtu akishajiona mzigo, hata kitanda anacholalia kinamsuta." Asubuhi yake tuliwasindikiza stendi, mimi nikitembea nyuma kwa umbali wa heshima, nimebeba sanduku lake. Mashine alituachia. Alisema sisi ndio wenye haraka, itatusaidia.

Hakuziona mvua za mwaka ule. Habari zilipotufikia tulikwenda Mpwapwa kumzika, nami nikashika chepeo pamoja na vijana wa kule, nikachimba mpaka mikono ikatoka malengelenge. Wazee waliniambia nipumzike, nikakataa. Mashine ile iliendelea kutoa kahawa nzuri miaka mingi sana, na hilo ndilo linaloniuma: kumbe ilihitaji kidogo vile. Majuto ni mjukuu, huja baadaye, na huyu wangu amekua, ana ndevu sasa.

Kwa hiyo nisikilize, wewe unayeanza nyumba. Mashine yako ya kahawa, kama maji ni haya yetu ya chumvi, ipitishie ukwaju kila mwezi, au siki, maana siku hizi siki inauzwa hata duka la pembeni. Usingoje ikorome. Ukimaliza kunywa mwaga masimbi, yale makapi ya kahawa, siku hiyo hiyo, osha jagi, acha mfuniko wazi ipate hewa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa namna hii hata ukiujenga, wa kukaa ndani yake ameshaondoka. Hayo ni ya mashine.

Ya watu ni haya. Mtu wa nyumbani mwako akiomba kitu kidogo, kama ukwaju, usimcheke na usikisie anachotaka. Muulize wa nini, kisha kaa umsikilize mpaka amalize. Anayekaa kwako kwa haya hasemi shida yake, anazungukazunguka pembeni yake. Akiomba mara ya pili, jua tayari imemgharimu. Na neno "amechoka" likikujia mdomoni kuhusu mzazi, mke, au rafiki, limeze kwanza, ujichunguze kama si wewe uliyemchoka. Heshima ya kukwepana macho ni nzuri, tumelelewa nayo, lakini isiwe kisingizio cha kutomwona mtu.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akuzidishie riziki isiyokunyima nafasi ya kuketi. Akujalie wazee wa kuwatunza, na pamoja nao akupe masikio, ili asiwepo mtu chini ya paa lako atakayelazimika kuomba mara tatu.