Nyambizi ya Phares

Truphena alianza kumshuku mumewe mwishoni mwa Agosti 1982, muda mfupi baada ya lile jaribio la kupindua serikali, wakati watu wa mtaa wa Makongeni, Nairobi, walikuwa bado wakinong'ona hata wanapoombana chumvi.

Kwanza ilipotea chupa ya shampuu. Kisha mshumaa. Phares, fundi wa karakana ya reli na mtu wa maneno machache, akawa anarudi na nati mifukoni. Jumamosi alasiri, mkewe akienda kwenye chama cha akina mama kanisani, alijifungia chumbani. Truphena alimuuliza anafanya nini humo, akajibiwa kwamba anapumzika. Mtu gani hupumzika na karai la maji?

Akamweleza Rispa, jirani wao wa ukuta kwa ukuta. Rispa aliteremsha sauti, akasema amesikia watu wanashikwa na vitu vya kulipuka. Tangu hapo Truphena akawa anamtazama Phares akila kama anayemtazama mgeni.

Jumamosi iliyofuata hakufika kanisani. Aligeuka njiani, akarudi nyumbani na kuusukuma mlango wa chumba kwa bega hadi komeo likaachia. Phares alikuwa amepiga magoti mbele ya karai, mrija wa mpira mdomoni.

"Baba Mulama, unatengeneza nini?"

"Nyambizi," akasema. "Chombo cha kwenda chini ya maji."

Ile chupa ilielea karaini, imetobolewa upande wa chini, nati zimefungiwa tumboni, mrija umepenyezwa kwenye kifuniko na kuzibwa kwa nta. Phares alipofyonza, maji yaliingia matunduni, chupa ikazama. Alipopuliza, mapovu yalitoka, ikapanda juu.

Truphena hakuridhika. Mchezo wa kufungiwa mlango? Akauliza ni wa nani.

"Wa Patrobas," akasema Phares, macho kwenye maji.

Patrobas, mdogo wake, alizama ziwani kwao mwezi wa Machi, na mwili haukuonekana.

"Nilitaka tu kuona kitu kikizama, halafu kirudi."

Papo hapo askari wawili walisimama mlangoni, Rispa nyuma yao. Waliigeuzageuza chupa, wakainusa, wakaondoka nayo pamoja na Phares. Alihojiwa hadi jioni, akaachiliwa.

Aliporudi aliuliza swali moja tu. "Ulimwambia nani?"

Truphena akamtajia. Phares hakumgombeza, ila wiki nzima alikunywa chai bila kumwangalia.

Jumamosi alibeba karai hadi nje, mbele ya milango yote, akaanza kuunda nyambizi nyingine. Truphena alitoka bila kuitwa, akachuchumaa kando yake na kuyeyusha nta. Majirani wakasogea mmoja mmoja, wakacheka chupa ilipoibuka. Rispa alibaki kizingitini kwake, mikono kifuani. Phares alimkaribisha apulize. Akakataa, akaingia ndani, komeo likasikika.