Sauti iliyosema "bole", na Wamormoni wenzangu walivyoichukua

Februari 1996, Jumapili. Jua kali, upepo wa vumbi tangu asubuhi. Ndivyo daftari langu linavyosema.

Wakuu, heshima kwenu. Shule yangu iliishia darasa la saba, mtanivumilia. Chumvi sitaongeza.

Tulikuwa Wamormoni wachache Garissa, familia nne tuliotoka "down Kenya", kama wanavyoziita huko sehemu nyingine za nchi. Tulisali sebuleni kwa Ndugu Barasa, kiongozi wetu.

Binti yetu wa pekee, Neema, miaka minne, alikuwa amefariki kwa malaria. Mimi ndiye niliyechelewa kumpeleka hospitali. Hiyo ilikuwa inanila.

Mchana ule nikaenda vichakani peke yangu kuomba msamaha.

Upepo ukakata. Mbuzi wa mbali wakanyamaza. Mwanga ukawa mweupe mpaka sioni kivuli changu.

Nyuma yangu sauti ikasema: "Bole. Nenda tu."

Nikageuka. Hakuna mtu. Mchangani nyayo zangu tu.

Huenda alikuwa mchunga mbuzi, maana Wasomali wengi hutamka "pole" hivyo. Sijui.

Nikatoa ushuhuda kwa wenzangu, lakini nikasema "pole". Ile b niliificha, niliona itachekesha.

Ndugu Barasa akasimama. Akasema hata nabii wetu wa kwanza aliingia msituni kijana mdogo, kuulizia roho yake tu, na jibu likawa la dunia nzima. Basi "nenda tu" ni letu sote: tuhame Garissa. Ujambazi ulikuwa umezidi, watu walitaka sababu.

Mke wangu akakataa. Kaburi la Neema angemwachia nani?

Wenzetu wakaanza kufungasha. Jumapili iliyofuata roho ikanisuta, nikasimama nikasema ukweli: ilikuwa "bole".

"Ndugu," Barasa akasema, "Mungu akiongea Garissa ulitaka aongee Kibukusu chetu?"

Wakacheka. Mke wangu hakucheka. Tulipofika nyumbani akaniuliza, "Baba Neema, ilikuwa sauti ya mtu mzima?"

Nikafikiri. Hapana, ilikuwa nyembamba.

"Na nani nyumba hii alikuwa anasema bole?"

Neema wetu, wakuu. Neema alijifunza Kiswahili kwa watoto wa jirani, Wasomali. P haikuwahi kumtoka. Na mimi, baba yake, sikuliwaza hilo.

"Hayo ni yetu wawili," akasema. "Usiwape tena."

Wenzetu walihama. Sisi tulibaki. Nasikia bado wanaisimulia, siku hizi ina malaika wawili.

Nilichojifunza: ukishuhudia, usirekebishe hata herufi moja. Ila kwa haki, pengine alikuwa mchunga mbuzi kweli. Mwenye lake aandike hapa chini, hata la kunipinga.

Jioni ile aliyoniuliza, tulikula anjera, ile mikate laini ya Kisomali, na chai ya maziwa. Mke wangu alipakua sahani tatu.