Siku Dada Aliposema Mto Ufungwe

Wakati wa rashi, kama wachimbaji walivyoziita mbio zile za dhahabu, nilikuwa na cherehani yangu Nkende, mjini Tarime, na kazi ilikuwa imedorora. Vijana wote walikuwa wamekimbilia kingo za mto Mara, na mtu anayelala chini ya turubai hashoneshi suruali. Kwa hiyo nilipoombwa kazi ya ukalimani nilikubali bila kuuliza sana.

Wataalamu wa mradi mmoja walikuwa wakipita vijijini kukusanya maoni ya wananchi: eneo la hifadhi kando ya mto litunzwe vipi kwa miaka mingi ijayo. Wao walizungumza Kiswahili, wazee wengi walijibu kwa Kikurya, na mimi nilikaa katikati. Kila kijiji maswali yalikuwa yale yale. Ng'ombe wetu watanywa wapi? Tutalima wapi? Na wataalamu walijibu vile vile: "Tumepokea." Jioni koo lilikuwa linaniwasha kwa maneno ya watu wengine.

Kijiji cha mwisho kilikuwa cha dada yangu mkubwa. Yeye ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Alikuwa mjane, na siku zile aliishi kwa kuosha mchanga wa dhahabu mwaloni, mahali pa kuoshea kando ya mto, pamoja na wanawake wenzake.

Tulikutana darasani, watu wazima tumejibana kwenye madawati ya watoto. Wachimbaji walisimama mmoja baada ya mwingine wakaomba mashimo yao yasiguswe. Wakapigiwa makofi. Kisha dada akasimama, akasema kwa Kikurya, taratibu, kama mtu anayeagiza chumvi dukani.

Mtaalamu mwenye miwani akanigeukia. "Mama amesemaje?"

Kila mtu mle ndani alikuwa ameshasikia isipokuwa wao. "Amesema mto ufungwe," nikamwambia. "Mashimo yote ya kingoni, na mwalo anaooshea yeye mwenyewe. Anasema hata yeye aondolewe."

Jirani yake akageuka kwenye dawati. "Na sisi unataka tule nini?"

"Sijui," dada akajibu. "Mimi nimeulizwa habari za mto."

"Tumepokea," akasema mtaalamu.

Nililala kwake siku hiyo. Wakati tunapika nilimuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akaendelea kusonga ugali. "Ndama wangu walizaliwa wamekufa. Huyu anasema ni dawa ya kuoshea dhahabu, yule anasema ni ugonjwa, mwingine anasema nimelogwa. Nimechoka kukisia, mdogo wangu. Kila nikichota maji nakisia."

Asubuhi nilimsindikiza mwaloni. Pale alipozoea kukaa palikuwa na mwanamke mwingine, na karai la dada lilikuwa limetupwa majanini. Wenzake hawakumtukana. Waliendelea kuosha tu, kichwa chini. Dada akaokota karai, akapanda upande wa juu wa mto, mahali ambapo mchanga haukuwa na kitu, akainama kuosha.

Alivumilia hivyo msimu mzima. Kisha akauza mifugo iliyobaki, akaja kuishi na mimi Nkende, akaanza kuuza dagaa mbele ya mlango wangu.

Mpango wa kutunza mto ulipotoka hatimaye, kipande cha kivukoni, karibu na kijiji cha dada, kilifungwa, na mwalo ukasogezwa mbali kidogo na maji. Lakini wachimbaji wengi walikuwa wameshaondoka wenyewe. Dhahabu ilikuwa imepungua, na uvumi wa sehemu nyingine ulikuwa umewachukua. Nilipomsimulia dada, aliitikia kwa kichwa, akamhudumia mteja.

Baadaye mradi uliniita tena. Mpango ulikuwa unapitiwa upya, na wananchi walipaswa kuulizwa tena, katika kijiji kile kile. Nikamwambia dada twende wote, ana haki ya kusema.

Alikuwa akichambua dagaa kwenye ungo. "Nilishasema," akanijibu. "Nenda wewe. Ila usiwakumbushe kwamba wewe ni mdogo wangu."

Nikapanda bodaboda peke yangu. Wanawake wa kule walinipokea vizuri, wakanipa kiti na maji ya kunywa. Hakuna aliyeniuliza habari za dada. Mtaalamu mpya akafungua mkutano, akauliza wananchi wangependa mto utunzwe vipi, nami nikakohoa kidogo, nikaanza kutafsiri.