Ndege Iliyoacha Kulalamika

Mume wangu, Orrin Sletten, hawezi kunywa kahawa kwenye meza inayotikisika. Atainama, ataitazama miguu yote, atakunja karatasi na kuisokomeza chini ya mguu mfupi, ndipo atakapokaa. Mashine yangu ya kufulia aliiwekea kipande cha ubao chini ya kona moja ili isitetemeke. Akipita karibu na friji anaigusa kwa kiganja, kama mtu anayempima mtoto homa. Nimeishi naye tangu nikiwa msichana na nimezoea, ila msije mkadhani kuzoea ni kupenda.

Orrin ni fundi wa ndege ndogo. Hapa kwetu Alaska barabara inaishia nyuma ya duka la mafuta, na baada ya hapo ni mito na milima tu, kwa hiyo watu wana ndege kama wengine walivyo na pikipiki. Zinatua kwenye kokoto, kokoto zinagonga propela, na mwenye ndege anachukua tupa yake na kulainisha pale palipomeguka. Kila mtu hufanya hivyo, na kila mtu humficha Orrin. Basi upande mmoja wa propela unakuwa mwepesi kuliko mwingine, injini inatetemeka, na mwenyewe anakuja kuomba afanyiwe balansi, yaani propela isawazishwe.

Kazi yenyewe nimeitazama mara nyingi. Anafunga kwenye injini kidude kinachohisi mtetemo, anabandika utepe unaong'aa kwenye panga moja la propela, injini inawashwa, kipimo kinamwonyesha namba. Kisha anafunga vipande vidogo vya chuma upande ule ulio mwepesi, anawasha tena, mpaka namba ishuke. Ikishuka kabisa hutabasamu peke yake, jambo ambalo nyumbani hulifanya kwa nadra.

Uwanja wetu una desturi moja: aliyefanya balansi ndiye anayekaa kiti cha pembeni ndege inaporuka kwanza. Na Orrin, jamani, anaogopa kuruka. Hufumba macho tangu magurudumu yanapoachana na ardhi, akirudi anakwenda nyuma ya banda kutapika. Wanamcheka weee, lakini hajawahi kukwepa hata siku moja. Mimi naamini ndiyo maana kazi yake ni safi.

Tatizo ni kwamba woga wake hauishii kwenye ndege alizopanda. Binti yetu Marit ni mwalimu kijiji cha ng'ambo ya milima, kusiko na barabara, na ana ndege yake mwenyewe. Mara mbili baba yake alimwita kwa redio ya upepo akamtaka atue haraka, eti amekumbuka hakukaza bolti fulani. Mara zote mbili Marit alitua, akakagua, akakuta bolti imekazwa mpaka basi. Tangu hapo akampa baba yake jina la King'ora. Uwanja mzima ukalidaka.

Mwezi wa nane Marit alikuja akilalamika kwamba kiti kinamtekenya. Orrin akaifanyia ndege balansi, akapanda, akatapika, mambo yakaisha. Mwishoni mwa mwezi wa tisa Marit akarudi kuchukua vitu vya shule vya majira ya baridi, na mtetemo umerudi. Orrin akafanya tena. Safari hii ilimbidi aongeze vyuma, tena pale pale alipokuwa ameongeza mwanzo. Namba ikashuka kuliko alivyowahi kuiona kwa ndege yoyote. Lakini hakutabasamu, na mimi nililiona hilo nikalinyamazia.

Mawingu ya theluji yalikuwa yanajikusanya upande wa magharibi. Viti vyote isipokuwa cha rubani vilikuwa vimetolewa ili magunia ya unga na buti za watoto vipate nafasi. Orrin alisimama na koti lake mkononi, hana pa kukaa. Marit akamwambia asijali, kwamba akichelewa zaidi, lango la milimani, ule upenyo anaovukia, litazibwa na theluji na watoto watabaki bila mwalimu. Orrin akamwacha aende. Ndege ikapaa bila hata kutikisika.

Nilimpakulia supu ya samaki, akaikodolea macho. Mashine yangu ilikuwa inakausha nguo pale pembeni, imetulia juu ya kipande chake cha ubao. Akainuka, akaiwekea kiganja, akakaa hivyo mpaka nikaanza kukasirika.

"Dagny," akaniambia, "propela haipungui uzito yenyewe."

Nikamuuliza ana maana gani. Akasema mara ya kwanza alilaumu tupa. Lakini leo Marit ameapa hajaigusa, na mapanga yenyewe ni mazima, ameyapapasa. Basi kuna kitu kinachosogea ndani, pale kitovuni, mapanga yanaposhikwa. Huenda pana ufa. Alipaswa kufungua kofia ya propela, ile inayofunika kitovu, atazame, ila vyuma hufungwa kwa nje, na Marit alikuwa na haraka.

"Ilikuwa inalalamika," akasema. "Mimi nikaiziba mdomo."

Nilielewa mara moja. Kama ndege ingekuwa bado inatetemeka, Marit angeshtuka na kurudi. Sasa alikuwa anaelekea milimani ameketi raha mustarehe, na aliyempa raha hiyo ni baba yake.

Redio yetu iko jikoni, juu ya kabati la vyombo. Orrin aliita, akaita, mpaka Marit akaitika kwa sauti ya furaha. Akasema hajawahi kuiona ndege imetulia hivi, kikombe chake cha chai hata hakichezi. Kila neno alilosifia lilimchoma Orrin, nilimwona akishika ukingo wa kabati. Akamwambia apunguze nguvu ya injini, atafute kokoto za mto, atue sasa hivi.

Marit akacheka. Akasema King'ora kimeanza. Akasema lango analiona mbele yake, na akitua huku theluji itamfungia nje wiki nzima.

Mimi nilitaka kumpokonya Orrin redio nipige kelele. Yeye alisema polepole, "Marit, mama, huenda nimekosea tena. Tua tu, halafu unicheke."

Hakukuja jibu. Redio ilikoroma, basi. Tukaita tena na tena. Labda milima ilikuwa imekata mawasiliano, labda hasira, labda lile jingine ambalo hakuna aliyelitamka. Hapo mimi nilimgeukia mume wangu nikamsema vibaya. Nilimuuliza kwa nini alimwacha mtoto aende, yeye anayekagua hata meza ya chakula. Alichukua mkoba wake wa spana akatoka, nami nikatoka nyuma yake bila hata kuzima jiko, na supu ile iliungua mpaka sufuria ikatoboka.

Jirani yetu Wassillie ana ndege yenye matairi manene, inayotua popote. Tulimkuta anapaka chumvi nyama ya kulungu wa huku. Alitutazama usoni, akanawa mikono. "Mzee, panda mbele," alimwambia Orrin. "Shemeji, wewe baki na redio." Nikamwambia redio ibaki yenyewe, nikajipenyeza nyuma na kukalia mkoba wa spana.

Safari ile Orrin hakufumba macho. Aliegemeza paji la uso kwenye kioo akaupekua mto, ukingo huu na ukingo ule. Kila jiwe jeupe nililiona ni bawa. Milima ilizidi kukaribia, mawingu yameshuka, na Wassillie alikuwa ameacha kupiga mluzi, yeye ambaye hupiga mluzi hata msibani.

Orrin ndiye aliyeiona. Ilikuwa juu ya kokoto katikati ya mto, imesimama kwa magurudumu yake, nzima. Nilianza kulia kabla hatujatua.

Marit alikuwa amekalia gunia la unga, anatafuna biskuti ngumu za watoto wa shule, amekunja uso. Nilipomkumbatia alijikausha. Kofia ya propela hakuwa ameigusa, akasema aje aifungue mwenye wasiwasi wake.

"Baba," akasema, "ukikuta hamna kitu, ndege yangu hutaigusa tena. Sitanii."

Orrin aliitikia kwa kichwa. Akatoa bisibisi. Bisibisi ikawa inamteleza kwenye skrubu, na hakuna aliyethubutu kumsaidia. Kitovu cha propela ile hujazwa mafuta yaliyotiwa rangi nyekundu, makusudi, ili kikipasuka kionekane. Kofia ilipotoka, ndani yake palikuwa pekundu kote, na tone moja likadondoka juu ya buti la Orrin.

Alimwita Marit kwa mkono, akamwonyesha ashike ncha ya panga na kuisukuma kidogo. Marit akaisukuma. Panga likamfuata mkono, na kitovuni pakalia kitu, taratibu, kama jino bovu.

Akaliachia. Akatazama juu kwenye lango la milima, ambalo sasa lilikuwa limezibwa na wingu, kisha akaketi chini kwenye kokoto. Baba yake akakaa karibu naye. Walikaa hivyo, Marit akamkabidhi pakiti ya biskuti, na wakawa wanakula mpaka Wassillie aliposema theluji haitatungoja.

Tulipofika nyumbani Orrin hakuvua hata buti. Alikwenda moja kwa moja kwenye mashine yangu ya kufulia akauchomoa ule ubao. Nilipoiwasha ilitikisa jikoni kote, vikombe vikaimba kabatini. Nilifoka. Akaifungua nyuma, akakuta springi imekatika, na kwa kutu yake ilikuwa imekatika miaka mingi.

Ndege ya Marit iliwekewa propela nyingine, na mume wangu anaendelea kutapika nyuma ya banda kama kawaida. Jina la King'ora halijafutika, Marit bado anamwita hivyo mbele za watu. Ila siku hizi, kabla hajaondoka, husimama karibu na bawa na kumuuliza, "Baba, unaonaje?" Baba yake anaweza kuchukua muda mrefu sana kujibu swali hilo. Marit humsubiri, injini ikiwa imezimwa.